Usiku 156 Dakota, usiku 5 Maldivi na mama

Watu wameziona zile picha za Maldivi, mama amekaa kwenye ngazi ya mbao, miguu imo majini, na maswali yamekuwa mengi. Wengine wanauliza hela nimetoa wapi, wengine wanataka na wao wawapeleke wazazi wao. Nimeona niandike yote kwa mara moja, na hesabu zake na nilipokosea, maana mi mwenyewe nilipokuwa natafuta habari hizi sikumpata hata mtu mmoja aliyezieleza kwa Kiswahili.

Nianze na pointi zilikotoka, maana hoteli ya Maldivi niliilipia kwa pointi, yaani zile kampuni ya hoteli inazokupa kila ukilala kwao, unazikusanya mwisho unalipia chumba. Mi ni nesi, huku Marekani nafanya kazi za mikataba, yaani hospitali ikipungukiwa watu inakuchukua wiki 13, zikiisha unahamia kwingine, na kampuni inakupa posho ya malazi, pa kulala utatafuta mwenyewe. Wenzangu wengi wanapanga chumba kwenye nyumba ya mtu ili posho ibaki mfukoni, na siwalaumu, ila mi naogopa kukaa kwa mtu nisiyemjua, na zamu zangu ni za usiku, natoka saa moja asubuhi sijiwezi. Kwahiyo nikachagua hoteli. Hampton Inn, ambayo ni ya kampuni ya Hilton, usiku 4 kila wiki, siku zinazobaki naendesha kurudi Minnesota kwa wanangu. Fargo wiki 13, Bismarck wiki 13, Sioux Falls wiki 13, miji yote ya majimbo ya Dakota, Kaskazini na Kusini. Jumla usiku 156. Nasema usiku kwa sababu hoteli ndo inavyohesabu, lakini mi nilikuwa nalala mchana, pazia nimelibana katikati kwa henga ya suruali ili mwanga usiingie, nje theluji, kile kipasha joto cha chini ya dirisha kinaunguruma alafu kinakata alafu kinaanza tena, wahudumu wanasukuma vigari vya mashuka koridoni, na simu nimeilaza kifuani nasubiri wanangu watoke shule niwasikie sauti.

Sasa hesabu. Chumba kilikuwa dola 95 kabla ya kodi. Hilton Honors, yaani mpango wa pointi wa Hilton, wanatoa pointi 10 kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi (baadhi, kama Home2 na Tru, ni 5 tu, hilo liangalie kabla hujahamia). Nilikuwa na kadi yao ya American Express inayoitwa Surpass, ada yake dola 150 kwa mwaka, inakupa daraja la uanachama la Gold hata kama hujalala popote, na Gold inaongeza asilimia 80 ya pointi. Alafu kadi yenyewe inatoa pointi 12 kwa dola ukilipia hoteli zao. Kwahiyo ni 950, jumlisha 760, jumlisha 1,140, unapata pointi 2,850 kwa usiku mmoja. Mara 156 ni 444,600. Ongeza 130,000 walizonipa za kufungua kadi. Ikawa 574,600, na sijaweka zile za petroli na chakula cha njiani.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Ukiwa na daraja kuanzia Silver, lililo chini ya Gold, kwenda juu, ukilipa kwa pointi usiku 5 mfululizo, wa tano hawakukati. Marriott Bonvoy, mpango wa hoteli za Marriott, nao wana utaratibu kama huo wa kukaa 5 na kulipia 4. Hoteli niliyoipata Maldivi, jina sitalitaja, ilikuwa pointi 120,000 kwa usiku, kwahiyo usiku 5 ni 480,000 badala ya 600,000. Bila hiyo nisingefika. Kwa hela taslimu chumba kile kile kilikuwa zaidi ya dola 800 kwa usiku kabla ya kodi, na mi dola 800 ya kulala siijui.

Kwa nini Maldivi na siyo kwingine? Kwa sababu ya mama. Kumleta mama Marekani ni viza, ni miadi, ni makaratasi, ni kusubiri. Maldivi wanampa karibu kila mtu viza ya siku 30 hapo hapo uwanjani, bure, awe ametoka Tanga au Tokyo, unajaza tu fomu yao ya mtandaoni ya IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya safari, nayo ni bure, usimlipe mtu kukujazia. Mama akaja na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, maana ukitokea kwetu wanaweza kuiulizia. Yeye akapanda Dar, mi nikatokea Chicago, tukakutana Doha. Miaka sita sikuwa nimemshika mama yangu. Nilimwona kwa mbali na lile begi lake jeusi la kufungwa na kamba ya katani nikakimbia pale katikati ya watu, sikujali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Nilitafuta tiketi ya bei nafuu nikapata inayofika Malé, mji mkuu wa Maldivi, saa kumi na moja kasoro jioni, nikafurahi. Sikujua kwamba visiwa vingi vya mbali unafika kwa ndege ya maji, na ndege za maji haziruki usiku, rubani anaruka kwa macho yake na anatua baharini penye mwanga. Ukifika alasiri ya mwisho mwisho umelala Malé, na pointi za usiku ule zimeshaliwa. Mi nilibahatika kwa sababu niligundua wiki mbili kabla, nikasogeza hoteli siku moja mbele, nafasi ilikuwepo. Ikabidi tulale gesti Hulhumalé, kisiwa cha karibu na uwanja wa ndege, kwa dola 85. Kwahiyo kabla hujakata tiketi, waandikie hoteli uwaulize ndege ya mwisho ni saa ngapi, alafu ndo utafute tiketi.

Ila ile asubuhi ya Malé naishukuru. Tulichukua teksi tukavuka daraja tukaenda kuuona msikiti wao wa zamani wa Ijumaa, Hukuru Miskiy, umejengwa mwaka 1658 kwa mawe ya matumbawe. Mama alisimama nje akaweka kiganja ukutani, akakipitisha polepole kwenye ile michongo, akasema, "Haya si ndo mawe ya Tongoni haya?" Kwa wasiopajua, Tongoni ni magofu kusini kidogo ya Tanga mjini, msikiti na makaburi ya matumbawe, mama kwao ni huko huko, utotoni walikuwa wanapita kwenye yale makaburi wakienda pwani. Nikamwambia Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuja kuwa kadhi hapa hapa Maldivi miaka ya 1340. Mama akanijibu, "Sasa mwanangu, unashangaa nini? Bahari si moja." Kisha akamuuliza mlinzi kwa ishara pa kutawadhia.

Ndege ya maji ni ndogo, abiria kama 15, na rubani wetu hakuvaa viatu. Mama aliziangalia zile nyayo juu ya pedali mpaka tukapaa. Mzigo ni kilo 20 na wa mkononi kilo 5, ukizidisha unalipia, na begi la mama lilikuwa na kilo 27 kwa sababu ya korosho, kashata, visheti, ubuyu na chupa mbili za achari. Nilitaka kumwambia apunguze, namshukuru Mungu sikumwambia, maana kile chakula ndo kilichotusaidia.

Hapa ndo penye jambo la kulijua kuliko yote. Pointi zinalipa kitanda. Kisiwa hazikilipi. Ukishashuka pale hakuna duka la Mangi, hakuna mama ntilie, hakuna bodaboda ya kukutoa, kila kitu unachokula kinatoka kwa mwenye kisiwa. Ndege ya maji kwenda na kurudi ilikuwa dola 640 kwa kila mtu, hiyo ni 1,280 kwa wawili kabla hujanywa hata maji. Kuna kodi ya mazingira, dola 12 kwa mtu kwa usiku kwenye hoteli za visiwani, hiyo 120. Na bei za kwenye menyu zina alama mbili za kujumlisha pembeni, watu wengi wanazipita. Maana yake kuna asilimia 10 ya sevisi, alafu juu ya hiyo jumla asilimia 17 ya kodi ya serikali. Chakula cha dola 100 kwenye menyu kinakuja dola 128.70 kwenye bili. Mi nilikuwa naandika kwenye kidaftari kila jioni.

Kilichotuokoa ni ile Gold. Pale tulipokaa ilitupa chai ya asubuhi bure wote wawili, na siyo chai na mkate, ni meza ndefu ya kila kitu. Tulikuwa tunaenda saa nne kasoro, tunakula kwa utulivu, mchana ni korosho na visheti na maji ya kuchemsha chumbani na majani yetu wenyewe, usiku tunaagiza sahani moja moja. Mama aliwapenda kwa chakula chao cha asubuhi kinaitwa mas huni, samaki jodari kachanganywa na nazi ya kukuna, kitunguu na pilipili, unakula na roshi ambayo ni chapati tu nyembamba. Siku ya pili mpishi alishamjua, akawa anamwongezea pilipili bila kuulizwa, anamwita kwa heshima, na mama anamjibu Kiswahili na wanaelewana.

Jingine, ukilipa kwa pointi unapata chumba cha kawaida, na cha kawaida pale kilikuwa nyumba ya ufukweni, siyo ya juu ya maji kama kwenye picha. Ukitaka ya juu ya maji kwa pointi, unaambiwa laki kadhaa kwa usiku mmoja. Nilichofanya niliwaandikia mwezi mmoja kabla, nikaeleza kwamba ni mama yangu na hajawahi kulala hotelini maishani, nikauliza tukikaa siku tatu ufukweni na mbili za mwisho juu ya maji tutaongeza kiasi gani. Wakasema dola 250 kwa usiku, na zile alama mbili. Ikaja 643.50 kwa usiku wote wawili. Niliwaza sana. Nikalipa. Ukiwa na uwezo huo nakushauri nyumba ya maji iwe mwishoni, usianze nayo, ukianza nayo ile ya ufukweni utaiona ndogo bure.

Jumla yote, ukitoa tiketi za ndege kubwa, nilitumia karibu dola 2,800, kama milioni 7 za kwetu. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba ni bure. Kama una pointi na huna hizo hela pembeni, subiri kwanza.

Sasa hiyo nyumba ya juu ya maji yenyewe. Usiku wa kwanza mama hakulala. Nilishtuka saa tisa nikamkuta amekaa kitandani na kanga yake begani anasikiliza maji yanavyopiga nguzo chini yetu. Akasema kwao nyumba ikiwa juu ya maji maana yake mafuriko. Alafu akauliza, "Yakijaa haya wanakimbilia wapi?" na mi sikuwa na jibu, maana nchi ile yote iko mita moja na nusu hivi juu ya bahari, mlima hawana, kilima hawana. Asubuhi akamuuliza kijana wa usafi, kwa tafsiri yangu, na yule kijana alikuwa wa huko huko, akasimulia tsunami ya 2004 alipokuwa mdogo, wazee walivyompandisha kwenye mnazi. Watu zaidi ya 80 walikufa Maldivi siku ile. Mama akamwambia hata kwetu yale maji yalifika. Wakanyamaza wote wawili, mi katikati yao sina cha kutafsiri.

Siku ile ile mama akaniuliza kitu ambacho mi mzaliwa wa pwani sikuwa nimekiwaza. "Mbona maji hayatoki?" Tanga bahari ikikupwa wakati wa bamvua inakwenda mbali kabisa, mita tatu zinashuka, unabaki na tope na miamba, mashua zimelala ubavu. Pale yanapanda na kushuka mita moja tu au pungufu. Ndo maana wanaweza kujenga nyumba juu ya maji na mgeni akaamka kila siku akakuta maji. Ukijenga vile pwani yetu, nusu ya siku mgeni wako anaangalia matope na kaa. Nimesoma mambo mengi sana kuhusu visiwa vile kabla ya kwenda na hilo nililisikia kwa mama.

Na pweza. Mama utotoni alikuwa anachokoa pweza na bibi yangu, na kijiti kimoja na kikapu, nimekula huyo pweza miaka yote na daftari zangu za shule zimetoka humo. Sasa amekaa kwenye ile ngazi ya mwisho, dera limelowa mpaka magotini, ananyooshea kidole chini kwenye jiwe. Mi naona jiwe. Akasema angalia mlangoni. Nikaangalia mpaka nikaona vipande vya makombe na magamba ya kaa vimerundikwa mbele ya kitundu, vyeupe, kama taka za mtu aliyefagia nyumba yake akaziacha kizingitini. "Akila anatupa nje. Ndo anavyojiuza." Tukakaa. Kama robo saa hivi ukatoka mkono mmoja, ukagusa mchanga, ukarudi. Alafu jicho. Kuvua pale hairuhusiwi, hata kome la ufukweni huruhusiwi kuondoka nalo nchini, mama alisikitika kidogo kwa hilo la makome, lakini kwa pweza alisema muache, huyu ana watoto. Sijui alijuaje. Alirudi kumwangalia asubuhi na jioni zile siku mbili zote.

Kwenye swala alipata tabu siku ya kwanza. Tanga kibla ni kaskazini moja kwa moja, miaka yake yote ameswali akielekea kaskazini. Kule unaelekea magharibi, unapandisha kidogo kaskazini, na kwa jinsi nyumba yetu ilivyokaa ilikuwa ni kuelekea baharini kabisa, hakuna ukuta, ni maji tu mpaka mwisho wa macho. Alitandika mswala barazani swala ya magharibi inapoingia. Ile picha sikuipiga.

Usiku wa mwisho tukiwa tumekaa pale pale barazani ndo akauliza habari ya pointi. Alikuwa anaogopa kuuliza, alidhani nimekopa. Akaanza na riba, kwamba hiyo kadi haina riba? Nikamweleza kwamba riba wanaiweka ukichelewesha, mi nalipa yote kila mwezi kabla ya tarehe na sijawahi kuacha hata dola moja ivuke, na hapa nawaambia na nyie, ukiacha deni kwenye hizi kadi pointi zote wameshazichukua tena na zaidi. Akaridhika. Kisha akauliza, "Kwahiyo walikupa kwa kulala?" Nikasema ndiyo mama, kwa kulala. "Siku ngapi?" Nikamwambia 156.

Alihesabu kwa vidole, kwa miezi. Akasema hiyo ni zaidi ya miezi mitano. Nani alikuwa anakupikia? Nikasema hakuna, hotelini hawapiki usiku, nilikuwa nakula mikate na maharage ya kopo. Nani alikuwa anajua umerudi? Sikumjibu hilo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa anajua. Natoka zamu, naendesha kwenye barafu, nagusisha ile kadi mlangoni, taa ya kijani inawaka, naingia. Ningeanguka bafuni wangenikuta kesho yake wakija kubadilisha taulo. Mama akanishika mkono hakusema kitu kwa muda, chini maji yanapiga nguzo, alafu akasema, "Ukiingia tu, hujavua viatu, nipigie."

Nimebakiwa na pointi 94,600, ukiacha zile za petroli na chakula, na mwezi huu nimeanza mkataba mwingine, Bismarck tena, hoteli ile ile, ghorofa ya pili. Saa mbili asubuhi ya huku, majira haya ya baridi, ni saa kumi na moja jioni Tanga. Nagusisha kadi, taa inawaka, napiga. Anapokea huku anapepea jiko, nasikia makaa yanavyolia, anasema, "Umefika?" Nasema nimefika mama, shikamoo. "Marahaba. Haya, vua viatu ulale."